Kuchora grafu bila mistari: vitu vinavyoonana hewani

Kama umewahi kuchora grafu yenye nodi nyingi, yaani nukta zinazounganishwa kwa mistari, unajua inavyokuwaga, nodi tano tu kila moja imeungana na kila nyingine na tayari mistari imeanza kukatana, ukifika kumi karatasi imegeuka utando wa buibui na hujui tena mstari upi umetoka wapi unaenda wapi. Kuna njia nyingine kabisa ambayo mi naipenda sana na naona watu wengi hawaijui. Unaacha mistari. Kila nodi unaifanya kitu, inaweza kuwa ufito, mstatili au duara, alafu nodi mbili zinahesabika zimeungana pale tu vitu vyake vinapoonana, yaani unaweza kupitisha mwale ulionyooka toka kimoja mpaka kingine bila kugonga kitu cha tatu njiani. Grafu nzima inakuwa ni rundo la vitu vinavyoelea, na viungo havichorwi popote, vipo kwa sababu vitu vinaonana.

Nitakuonyesha hatua kwa hatua, tunaanzia kwenye karatasi kisha tunapanda angani. Andaa karatasi ya miraba, rula, penseli, na ukipata maboksi magumu ya kukata na mkasi ni bora zaidi kwa sababu kuna sehemu macho yanaelewa haraka kuliko maneno.

Kwanza weka sheria

Usiruke hapa. Watu wengi wanaanza kuchora alafu katikati ndo wanajiuliza kama vitu vilivyogusana pembeni vinaonana au la, na kazi yote inabidi irudiwe. Amua mambo manne kabla hujagusa penseli: unatumia kitu gani, miale inapita upande gani, mwale una unene au hauna, na je kila kinachoonana lazima kiwe kiungo.

Kwa maelekezo haya yote mwale una unene kidogo, mdogo unavyotaka ila sio sifuri. Maana yake vitu viwili ambavyo vivuli vyake, yaani eneo ambalo kila kimoja kinafunika ukiangalia kwa kufuata upande wa miale, vinagusana kwenye ukingo tu havionani, lazima vivuli vipandane kwa eneo fulani hata kama ni dogo sana. Sheria hii inakuokoa na mabishano mengi ya vipimo vilivyolingana.

Na lile la nne. Kuna uwakilishi mlegevu, ambapo kila kiungo cha grafu lazima kionekane ila vitu vingine vinaweza kuonana na ukapuuza tu. Na kuna mkali, ambapo kuonana na kuungana ni kitu kimoja, zikionana zimeungana na zisipoungana zisionane. Sisi tunafanya mkali, mlegevu nitautaja sehemu moja tu. Ule mkali ndo unaofanya mtu akusomee grafu yako kwa kuangalia rundo peke yake, bila maelezo pembeni.

Fito kwenye karatasi

Chora fito za kulala, kila nodi ufito mmoja, miale inapita wima tu. Tujaribu K4, yaani nodi nne zote zimeungana:

A: kimo 0, x toka 0 mpaka 5
B: kimo 1, x toka 1 mpaka 4
C: kimo 2, x toka 3 mpaka 5
D: kimo 3, x toka 0 mpaka 5

Sasa shuka na kidole. Kati ya x 0 na 1 hakuna kitu katikati, A na D wanaonana moja kwa moja. Kati ya 1 na 3 yupo B peke yake, kwa hiyo A anamuona B, na B anamuona D. Kati ya 3 na 4 wapo wote, B anamuona C. Kati ya 4 na 5 yupo C, A anamuona C na C anamuona D. Sita zimetimia, ndo viungo vyote vya K4.

Umeona kilichofanyika? Kila jozi imepata upenyo wake. A na D hawajaungana kwa sababu tumechora kitu kati yao, wameungana kwa sababu tumeacha nafasi ya x 0 mpaka 1 wazi. Kazi nzima ya kuchora hivi, kwenye karatasi na hata angani, ni kugawa penyo: nani apewe na wapi, na nani afungiwe. Ukianza kufikiria penyo badala ya vitu, kila kitu kinachofuata kinakuwa rahisi.

Fito zina mpaka wake lakini. Ukichukua kila ufito na miale yake wima umeshapata mchoro wa grafu kwenye karatasi ambao hakuna mistari inayokatana, kwa hiyo grafu yoyote inayowakilishwa kwa fito ni grafu bapa, haikwepeki. K5 sio bapa, na K3,3 ile ya nodi tatu huku tatu kule zote zimeungana kwa kuvuka nayo sio bapa, hizi ndo grafu mbili maarufu za mwanahisabati Kuratowski, mwaka 1930. Kwa fito hazitoki hata ukeshe.

Kwa upande mwingine grafu bapa zinaenda vizuri. Mwaka 1985 Wismath, na mwaka uliofuata Tamassia na Tollis, walionyesha hasa zipi zinawezekana kwa ule mkali wenye mwale mnene: ni zile unazoweza kuzichora bapa huku nodi zote za kukata, yaani zile ambazo ukiing'oa moja grafu inaachana vipande, zikae kwenye ukingo wa eneo moja. Kwa ule mlegevu kila grafu bapa inawezekana.

Namna ya kuzijenga, kwa grafu bapa isiyokatika ukiondoa nodi moja, iko hivi. Chagua nodi mbili zilizoungana, moja iwe ya chini kabisa nyingine ya juu kabisa. Zipe nodi zote namba kuanzia 1 kwa sharti moja, kila nodi ya katikati iwe na jirani mwenye namba ndogo na jirani mwenye namba kubwa kuliko yake. Hiyo namba ndo kimo cha ufito. Alafu maeneo ya mchoro nayo yape namba kutoka kushoto kwenda kulia, eneo la nje lihesabu mara mbili, kama la kushoto kabisa na la kulia kabisa, na kila kiungo eneo lake la kushoto liwe na namba ndogo kuliko la kulia, kisha ufito wa nodi uuvute kutoka namba ya eneo lililo kushoto kwake mpaka namba ya eneo lililo kulia kwake, zile mbili za chini na juu kabisa zichukue upana wote. Ni kazi ya dakika chache kwa grafu ndogo na kompyuta inaifanya kwa muda unaokua sambamba na ukubwa wa grafu tu.

Kupanda angani

Sasa ufito unageuka mstatili. Fikiria mistatili imelala kama rafu za kabati ila zinaelea, kila moja kimo chake, kingo zake zimenyooka na mihimili ya x na y, na miale inapita juu chini tu. Tumepata upande mmoja zaidi wa kuficha penyo na hilo linabadilisha mambo kabisa. Wazo hili lilitolewa na kundi kubwa la watafiti, Bose, Everett, Fekete na wenzao, karatasi yao ilichapishwa 1998.

Tufanye K5, ile iliyokataa kwa fito. Chora kwenye karatasi ya miraba kama unaangalia rundo kutoka juu, kila mstatili kwa rangi yake:

A: kimo 1, x 0 mpaka 6, y 0 mpaka 6
B: kimo 2, x 1 mpaka 4, y 1 mpaka 4
C: kimo 3, x 3 mpaka 6, y 2 mpaka 5
D: kimo 4, x 2 mpaka 5, y 3 mpaka 6
E: kimo 5, x 0 mpaka 6, y 0 mpaka 6

A ni sakafu, E ni dari, na wale watatu wa kati ni miraba ya tatu kwa tatu iliyosogezwa. Twende tukaguze kwa kuchagua chumba kimoja kimoja cha karatasi, na kila chumba unauliza kimefunikwa na nani kutoka chini kwenda juu.

Chumba cha x 0–1 na y 0–1 kina A na E tu, sakafu inaiona dari. Chumba cha x 1–2, y 1–2 kina A, B, E, kwa hiyo A na B wanaonana, B na E wanaonana. Nenda x 5–6, y 2–3, hapo kuna A, C, E, umepata A na C, C na E. Panda x 2–3, y 5–6 kuna A, D, E, umepata A na D, D na E. Kile cha katikati x 3–4, y 3–4 kina wote watano, humo B anamuona C na C anamuona D. Imebaki jozi moja tu, B na D, na hii ndo ngumu kwa sababu C kakaa katikati yao kwa kimo. Angalia x 2–3, y 3–4. Humo wapo A, B, D, E, C hayupo kwa sababu yeye anaanzia x 3. Basi B na D wanaonana kupitia hapo, kwenye upenyo wa chumba kimoja tu.

Jozi kumi, vyumba sita vimetosha kuzionyesha zote. Mi nakushauri uifanye hii kwa mkono hata kama unaelewa kwa kusoma, kata maboksi matano, maana ukiinua C ukamuona B anachungulia D pembeni yake ndo unaelewa upenyo ni nini.

Kukata kiungo

Tuseme hutaki K5 nzima, unataka ile ile ila B na D wasiungane. Hapa watu wanakosea, wanamsogeza B mbali au wanampunguza D, na ghafla wamepoteza viungo vingine vitatu. Usimguse B wala D. Mguse aliye katikati yao. Mvute C kushoto aanzie x 1 badala ya 3, abaki y 2 mpaka 5. Eneo ambalo B na D wanapandana ni x 2–4, y 3–4, na sasa lote liko chini ya C, upenyo umezibwa.

Alafu, na hili ni la lazima, rudi ukaguze wengine wote ambao C mpya kawafunika. B na E je? B bado ana ukanda wa y 1–2 ambao C haufikii, wanaonana. C na E? Ukanda wa y 2–3 D haufikii, sawa. A na D? y 5–6 iko nje ya C, sawa. Umekata kimoja na tisa zimebaki salama.

Kuna mtego mmoja hapa nataka uuone mapema. Ukihitaji kuziba upenyo na hakuna aliyepo katikati wa kumvuta, utashawishika kuongeza kipande kipya cha kuziba tu. Huwezi, kizibo nacho ni nodi, kitaonana na wa juu yake na wa chini yake na grafu yako itakuwa imeota nodi ambayo haikuwepo. Kwa hiyo kabla hujapanga vimo, angalia jozi zisizoungana kwanza. Kama mmoja wa jozi hiyo mwenye viungo vichache atakaa pembeni ambapo hapandani na mwenzake hiyo ni nzuri, kama hawezi basi hakikisha katikati yao kwa kimo kuna mtu ambaye ni jirani wa wote wawili, huyo ndo ataziba.

K3,3 na ndugu zake

Hii ni rahisi mpaka inafurahisha. Weka mistatili mitatu mirefu kimo cha 1, yote y 0 mpaka 5, moja x 0–1, nyingine x 2–3, nyingine x 4–5. Hazipandani hivyo hazionani hata kama kimo ni kimoja. Juu yake kimo cha 2 weka mitatu iliyolala upande mwingine, x 0 mpaka 5, na y 0–1, 2–3, 4–5. Kila wa chini anakatiza na kila wa juu mahali pamoja, tisa kamili, na hakuna wa kumzuia mwingine. Unataka tano kwa mia? Ongeza mistatili. Grafu zote za pande mbili zilizo kamili zinatoka hivi hivi, kama mkeka uliosukwa bila kupitisha chini juu.

Grafu bapa nazo zote zinawezekana angani kwa ule mkali, bila lile sharti la nodi za kukata lililokuwepo kwa fito. Na hata grafu ambazo kila kiungo chake hakikatwi zaidi ya mara moja kwenye mchoro zinawezekana, hiyo ilionyeshwa 2017, na kizuri zaidi kuna ukuta mmoja bapa unaokatiza mistatili yote.

Kukagua kwa kompyuta

Ukizidi mistatili saba au nane usiamini macho. Ile njia ya vyumba tuliyotumia kwa K5 inageuka programu fupi sana. Kusanya namba zote za x za kingo za mistatili, zipange kutoka ndogo, ondoa zilizojirudia, fanya hivyo hivyo kwa y. Kwa mistatili n utapata kanda zisizozidi 2n − 1 kila upande, mfano mistatili 22 haizidishi vyumba 43 mara 43 ambavyo ni 1849, kompyuta yoyote inamaliza kabla hujapepesa jicho. Kwa kila chumba chukua orodha ya mistatili inayokifunika, ipange kwa kimo, na kila wawili wanaofuatana kwenye orodha waandike kwamba wanaonana. Basi. Mwisho linganisha ulichoandika na grafu uliyotaka, na usiangalie vilivyokosekana tu, angalia na vilivyozidi, kwa sababu kwenye uwakilishi mkali kiungo kilichozidi ni kosa lile lile.

Kitu kidogo cha kuzingatia, tumia namba kamili. Ukitumia desimali kompyuta inaweza kuona kingo mbili zilizopaswa kulingana zimeachana kwa kitu kidogo mno, na hapo utapata upenyo hewa ambao haupo, na utautafuta mpaka uchoke.

Mwisho wa mistatili uko wapi

K5 imetoka, K6 inatoka, unaweza kudhani zote zinatoka. Hapana. Na sababu yake ni nzuri sana ngoja niieleze kwa miraba inayolingana maana huko inaonekana vizuri.

Chukua miraba mitatu yenye upande wa 4, wa chini anaanzia (0,0), wa kati (1,1), wa juu (2,2). Wa chini na wa juu wanapandana kwenye x 2–4, y 2–4. Wa kati anafunika x 1–5, y 1–5. Kawameza wote. Wakati wowote miraba mitatu inayolingana ikipangana kama ngazi, x inaenda upande mmoja bila kurudi na y inaenda upande mmoja bila kurudi, wa kati anaziba kabisa. Dawa ni kuivunja ngazi, mfano wa kati aanzie (1,3) badala ya (1,1), hapo y inapanda kisha inashuka, na kile kipande cha x 2–4, y 2–3 kinabaki wazi. Rudi kwenye K5 yetu uangalie B, C na D, x zao zinaanzia 1, 3, 2, sio ngazi, nilizichagua hivyo makusudi.

Sasa Erdős na Szekeres walithibitisha 1935 kwamba ukiwa na namba tofauti n² + 1 kwa mpangilio wowote, lazima ndani yake kuna n + 1 zinazopanda tu au kushuka tu. Chukua miraba 17. Kwa x, kwa kuwa 17 ni 4² + 1, kuna mitano ambayo x zake zinaenda upande mmoja. Ndani ya hiyo mitano angalia y, 5 ni 2² + 1, kuna mitatu ambayo y nazo zinaenda upande mmoja. Hiyo mitatu ni ngazi, wa kati kaziba, wa pembeni hawaonani. Namba mbili zikilingana haisaidii kitu, ngazi inaziba vile vile. Kwa hiyo K17 haiwezekani kwa miraba inayolingana, kwa hoja ya mistari mitano tu. Ukweli ni mkali zaidi, Fekete, Houle na Whitesides walionyesha kwamba K7 inawezekana na K8 haiwezekani. Kwa hiyo ukiwa na miraba ya saizi moja na grafu yako ina nodi nane zote zimeungana ndani yake, acha kabisa usipoteze muda.

Mistatili ya saizi yoyote ina uhuru zaidi kwa sababu kila mmoja ana kingo nne zinazojitegemea. Lile kundi la 1998 lilijenga K22 na likaonyesha kuna kikomo, na baadaye 2008 Štola akakishusha kikomo hicho mpaka 50. K22 ipo, K51 haipo, na katikati ya hapo ndo pana uwanja wa mtu anayetaka kujaribu.

Maduara hayana kikomo

Hapa ndo mimi nilipenda somo hili lenyewe. Badilisha mraba uwe duara, saizi moja wote, na ghafla K yoyote inawezekana, mia, elfu, vyovyote. Kinachobadilika ni umbo tu.

Fanya hivi. Kata maduara matano ya boksi yenye nusu kipenyo cha sentimita 10. Kwenye karatasi chora upinde, sehemu ya duara dogo lenye nusu kipenyo cha 5, na kwa kutumia kipima pembe weka alama kwenye digrii 30, 60, 90, 120 na 150. Hizo ni nafasi za vitovu. Panga maduara moja juu ya jingine kwa kufuata mfululizo huo huo, la kwanza chini kitovu chake digrii 30, la pili 60, mpaka la tano 150. Usiruke mpangilio, ndo siri yenyewe.

Kwa nini inafanya kazi? Chukua lolote mawili, tuseme la kwanza na la tatu. Kingo zao zinakatana sehemu mbili, nenda kwenye ile iliyo upande wa ndani wa upinde, upande ule unaobonyea. Sehemu hiyo iko sentimita 10 kutoka vitovu vyote viwili. Kitovu cha pili kipo kati yao kwenye upinde, na upinde umevimba kwenda upande wa pili, unakikimbiza mbali na sehemu hiyo. Ukipiga hesabu umbali ni kama 10.35, zaidi ya 10, yaani duara la pili halifiki hapo. Ni milimita tatu na nusu tu ila zinatosha. Chukua sindano, itoboe kwa wima ndani kidogo ya makutano hayo, ipite kwenye duara la tatu na ifike la kwanza, la pili haitaligusa. Fanya hivyo kwa jozi zote kumi.

Sharti ni moja, upinde wa vitovu utoke kwenye duara dogo kuliko maduara yako na usizidi nusu yake. Upinde ukitoka kwenye duara kubwa kuliko maduara yenyewe hauvimbi vya kutosha, wa kati watafika kwenye makutano na kuziba. Na ukiweka vitovu kwenye mstari ulionyooka ndo kabisa, ni ile ngazi ya miraba imerudi. Kadiri unavyoongeza maduara penyo zinazidi kuwa nyembamba, kwa hiyo kwa boksi na mkasi utafika mahali mkono hauwezi, ila kwa hesabu hakuna ukomo.

Mraba una pembe nne tu za kuchungulia, upande wa ukingo wake umenyooka na majirani wanaufunika wote kwa mkupuo. Duara lina ukingo unaotazama kila upande, na kila jozi inapata upande wake peke yake.

Miale ikiongezeka

Unaweza pia kuongeza pande za miale badala ya kubadilisha umbo. Kwenye karatasi, mistatili n inayoonana wima na kwa kulala pia, ikiwa n ni nane au zaidi, inabeba viungo visivyozidi 6n − 20. Weka n = 8 upate 28, ambayo ndo idadi kamili ya viungo vya K8, na K8 kweli inawezekana. Weka n = 9 upate 34, wakati K9 inadai 36, kwa hiyo haipo. Ila kujua kama grafu fulani uliyopewa inawakilishika hivi ni kazi ngumu sana kwa kompyuta, Shermer alithibitisha 1996 kwamba iko kwenye lile kundi la matatizo yanayojulikana kama NP-kamili, hivyo usitegemee programu ya haraka itakayojibu kila grafu.

Angani ukitumia maboksi mazima na miale ya pande zote tatu, Fekete na Meijer walijenga K56 kwa maboksi ya maumbo sita tu, na wakaonyesha K184 haiwezekani kwa maboksi yoyote. Maboksi yakiwa ya saizi moja wote K8 inatoka na K10 haitoki.

Kwa anayeanza, njia ninayofuata mi mwenyewe nikipewa grafu mpya ni hii: naangalia kama ni bapa, ikiwa ndiyo natumia fito au mistatili. Ikiwa ya pande mbili iliyo kamili nasuka mkeka. Ikiwa ina kundi kubwa la nodi zote zimeungana nahesabu ukubwa wa kundi hilo, mpaka saba miraba inatosha, mpaka 22 mistatili, zaidi ya hapo naenda maduara bila kujiuliza. Alafu nodi zilizobaki nazipachika moja moja kwa vimo vya juu au chini, na kila nikipachika moja naendesha ule ukaguzi wa vyumba kabla ya kupachika nyingine. Kwa maduara vyumba havipo, badala yake kwa kila jozi kagua yale makutano mawili ya kingo zao, pamoja na makutano ya kingo za maduara ya kati, yenyewe kwa yenyewe na pia na kingo za hao wawili, yanayoangukia ndani au ukingoni mwa eneo wanapopandana, na pia eneo lote wanapopandana kama hakuna ukingo wa mwingine unaopita humo.